Mzamiaji Pekee wa Bulla Pesa

Nilizaliwa Bulla Pesa, na maji mengi kabisa niliyoyaona utotoni ni ya mto wa Isiolo baada ya mvua, ambayo yalinifika magotini. Ndiyo maana hakuna aliyenielewa nyumbani nilipoandika barua, mwanzoni mwa miaka ya themanini, kusema kwamba nimekuwa mzamiaji. Nilisikia baadaye kwamba baba alimsomea mama barua ile mara mbili. Mama akauliza kama nimezama. Baba akamwambia hapana, nazamia. Mama akasema yeye haoni tofauti.

Babu yangu aliletwa Isiolo akiwa askari wa Mwingereza, akaachiwa kiwanja na bunduki akanyang'anywa. Baba alinunua lori. Lori hilo lilipeleka unga na sukari Merti na Korbesa na kurudi na mbuzi, na mimi nilitarajiwa kuliendesha siku moja. Nilijaribu. Mara ya kwanza nililikwamisha kwenye mchanga wa laga, mto usio na maji mpaka mvua inyeshe, mara ya pili kwenye laga hiyo hiyo, umbali wa hatua kama kumi kutoka pale pa kwanza. Baba hakunigombeza. Alisema tu kwamba nitafaa zaidi mahali penye meza. Mjomba mmoja aliyekuwa na rafiki pwani akanitafutia kazi ya karani wa stoo katika hoteli ya watalii, kusini ya Mombasa.

Stoo yangu ilipakana na chumba cha vifaa vya kuzamia. Mwalimu wa kuzamia alikuwa mtu wa hapo hapo, Mdigo wa makamo, ambaye kabla ya hoteli alifanya kazi bandarini ya kukwangua matumbo ya meli chini ya maji. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja aliniona nikitazama mitungi yake ya hewa, akaniuliza kama najua kuogelea. Nikamwambia najua. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika habari hii, na haukudumu. Alinisukuma kwenye bwawa la hoteli, kisha akaingia na nguo zake kunitoa.

Nilijifunza kuogelea pamoja na watoto wa wageni, mimi mtu mzima mwenye ndevu, nimeshika ubao wenye picha ya bata. Miezi minne baadaye nilikuwa nazamia. Sijui nieleze vipi jinsi nilivyojiona. Nilianza kutembea nimepanua mikono kidogo, kama mtu ambaye kifua chake hakimruhusu kuishusha.

Katika mara zangu za mwanzo niliibuka na damu ndani ya miwani. Ilikuwa kama kijiko kimoja cha chai, lakini machoni kwangu ilikuwa ndoo. Nililala sakafuni mwa mashua nikatoa shahada kwa sauti, nikawaaga waliokuwepo, nikamwomba nahodha apeleke mshahara wangu kwa mama. Daktari aliyeniona alichungulia puani, akasema nilizamia nikiwa na mafua, kwamba kimshipa kimepasuka, na kwamba nisizamie mpaka mafua yaishe. Hakunipa hata dawa. Kwa majuma mawili wapishi wa hoteli walinipa mkono wa pole kila nilipopita, wakanikaribisha tena duniani. Nikajiapia kwamba sitalalamika tena kwa mtu yeyote kuhusu kitu chochote kinachotokana na bahari.

Ninaeleza hili kwa sababu mwalimu wangu alikuwa na desturi. Kila tulipopanda mashuani alirudia maneno yale yale. Ukisikia maumivu kwenye kiungo ambayo huyaelewi, niambie. Ukisikia ganzi au kuwashwa, miguu ikilegea, kichwa kikizunguka, ngozi ikitoa mabaka, mkojo ukikataa, ukichoka uchovu usio wa kazi, niambie. Kifua kikiuma au ukikohoa damu, usisubiri hata kuniambia, nenda moja kwa moja hospitali. Na si leo tu, alisema, hata kesho na kesho kutwa. Nilimsikiliza jinsi watu wanavyomsikiliza kondakta akitaja vituo ambavyo wao hawashuki.

Dada yangu alikuwa anaolewa Jumamosi. Jumanne nilizamia mara mbili, kwa sababu nilitaka kufika Isiolo na kisa kipya. Kisa nilikipata. Chini kabisa, kwenye shimo la mwamba, alikuwepo samaki chewa mkubwa aliyefungua na kufumba mdomo kama mzee anayehesabu kimoyomoyo. Nikamtazama, naye akanitazama. Nilipokumbuka kuangalia kipimo cha hewa, mshale ulikuwa umelala. Nikapanda juu haraka, nikaviacha nyuma viputo vyangu mwenyewe, jambo ambalo mwanafunzi wa siku ya kwanza anaambiwa asilifanye.

Mwalimu alinitazama nilipoibuka. Akaniuliza najisikiaje. Nikasema niko sawa. Akasema nisisafiri siku ile wala kesho yake, kwa kuwa Nairobi iko juu na Nanyuki iko juu zaidi, na mtu aliyetoka kuzamia hapandi mlima. Nikasema sawa. Tiketi ya basi la jioni ilikuwa mfukoni mwa suruali yangu, imekunjwa mara nne. Alipokwenda kutafuta petroli ya mashua, nikachukua mkoba wangu nikaondoka kwa njia ya jikoni.

Asubuhi Nairobi bega langu la kulia lilikuwa linauma. Halikuwa na uvimbe wala alama, na nilipoligusa halikuuma zaidi. Lilikuwa linauma kwa ndani, kama jino. Nikakilaumu kiti cha basi. Nilipata gari la kwenda Isiolo, na kadiri tulivyopanda ndivyo bega lilivyozidi. Tulipofika Timau, ambako kuna baridi na kondoo wana manyoya kama makoti, miguu yangu ilianza kutambaliwa na siafu nisiowaona. Nikailaumu baridi. Kisha barabara ikateremka kwenda kwetu, joto likaingia dirishani, na maumivu yakapungua. Nikajipongeza kwamba nilijua haikuwa kitu. Leo najua kwamba yalipungua kwa sababu nilikuwa nimeshuka mlima, lakini siku ile nilidhani ni kwa sababu ya ushupavu wangu.

Nyumbani mbuzi alikuwa amechinjwa. Majirani walikuja kuniona, wazee wa Kiborana na wafanyabiashara wenzake baba, wakaketi mkekani wakitaka kusikia habari za chini ya bahari. Niliwapa. Chewa alianza akiwa mkubwa kama tairi la lori. Baada ya chai ya pili alikuwa kama boneti. Mzee mmoja aliuliza kama samaki huyo analiwa, na wangapi wangeshiba, nikamjibu kwa idadi nisiyokumbuka. Na muda huo wote, nikisimulia, sikuwa nausikia mkeka chini ya mapaja yangu. Nilikuwa kama nimeketi juu ya mtu mwingine.

Mama aliona jambo moja tu. Nilikuwa nashika kikombe kwa mkono wa kushoto, na kwetu hilo si jambo la kupita hivi hivi. Aliniita kando akaniuliza. Nikamwambia nimeumia bega kwa kubeba sanduku. Akatazama mkoba wangu mdogo wa kitambaa, akaleta mafuta ya mkia wa kondoo akanikanda mpaka nikanuka kama jiko la sherehe.

Alhamisi asubuhi niliingia chooni nikasimama. Nilisimama muda mrefu. Nilihisi haja, lakini haikutoka hata tone. Nilipogeuka kutoka, goti la kushoto likakunjika bila kuniuliza, nikashika ukuta wa mabati, na mabati yakapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Baba alinikuta nimekaa chini mlangoni. Nikamwambia nimechoka na safari. Nilikuwa nimelala usingizi wa saa kumi na moja.

Wakasema twende hospitali. Nilikataa, na lazima niseme kwa nini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, miguu yangu inakufa, na nilichokuwa nakiona mbele ya macho ni wapishi wa hoteli wakinipa mkono wa pole. Baba hakujali kukataa kwangu, ila lori lake lilikuwa Korbesa na dereva. Kwa hiyo mzamiaji pekee wa Bulla Pesa alipakiwa kwenye mkokoteni wa maji, akasukumwa katikati ya soko saa tatu ya asubuhi, huku wale waliomsikiliza jana wakitoka madukani kutazama. Yule mzee aliyeuliza habari za nyama alitembea nasi hatua chache, akaniuliza kwa upole kama ni samaki aliyenifanya hivi.

Aliyetupokea alikuwa afisa wa kliniki, mwanamke wa Kimeru ambaye sote tulimwita daktari. Alikuwa na mistari ya usingizi machoni na kalamu mbili mfukoni. Aliniuliza nini kimetokea. Nikamwambia nilinyanyua gunia vibaya. Akaligusa bega, akaligeuza huku na huku, akasema bega hili halikunyanyua gunia. Akanipiga goti kwa kinyundo. Akachukua pini akanichoma kidogo kidogo kutoka unyayoni kwenda juu, akiniambia niseme ninapoisikia. Nikaona pini inapita kwenye ugoko, inapita gotini, inafika katikati ya paja, na sikuwa nimesema kitu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Bado nikanyamaza.

Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema karani wa stoo. Ni kweli, nilikuwa karani wa stoo. Mama, ambaye Kiswahili chake alikijulia sokoni na hakukihitaji kwa mengi, aliinuka kwenye benchi.

"Daktari," akasema, "huyu anatembea chini ya bahari na mtungi ya hewa kwa mgongo. Juzi alikuwa huko. Mimi nimesikia yeye akisema na watu usiku, kwako ndio anaficha."

Daktari aliweka pini mezani. Aliniuliza nilitoka majini lini, saa ngapi, nilishuka chini kiasi gani, maumivu yalianza wapi. Safari hii nilisema yote, hata kupanda haraka, hata tiketi. Nilisema nikitazama ukuta, kwenye picha ya mtoto anayepimwa uzito. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu ambacho sijawahi kumsikia mtu wa koti jeupe akikisema.

"Ugonjwa huu sikufundishwa. Ni nani anaujua?"

Nikamtajia mwalimu wangu na nambari ya hoteli. Simu ya hospitali ilipitia kwa mtu wa posta, na ilichukua karibu saa nzima kupata Mombasa, halafu hoteli, halafu mtu wa kwenda kumwita ufukweni. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi nami nilikuwa nimelazwa nje yake, hivyo nilisikia upande mmoja. Daktari alijibu maswali kama mwanafunzi mzuri. Ndiyo, bega. Ndiyo, miguu yote, wa kushoto zaidi. Hapana, hajakojoa tangu jana. Kisha akaivuta waya kadiri ilivyofika, akanishikia simu sikioni.

Nilingoja matusi. Mwalimu alisema kwa sauti ile ile ya mashuani, "Ulipita mlimani?"

"Nilipita."

"Bega lilianza kabla au baada?"

"Kabla. Nairobi."

"Basi ulijua," akasema. "Haya. Mrudishie daktari simu."

Maneno yale mawili, basi ulijua, yameniuma kuliko bega, na yananiuma hadi leo.

Alimweleza daktari kwamba hewa tunayovuta kule chini huingia mwilini kwa nguvu, na mtu akipanda haraka hugeuka viputo ndani ya damu na viungo, kama soda iliyofunguliwa, na mlimani viputo huvimba zaidi. Nipewe oksijeni mara moja, bila kukatizwa. Nilale chali. Ninywe maji kidogo kidogo. Mkojo utolewe kwa mpira. Na nisirudishwe Mombasa kwa njia niliyojia. Kule bandarini kulikuwa na tangi la chuma la wazamiaji wa meli, waliloliita chemba, ambamo mgonjwa hutiwa presha kama aliyerudi chini ya maji, kisha hupandishwa polepole jinsi ilivyompasa kupanda mwanzo. Yeye angekwenda kuwaomba walitayarishe.

Kuhusu mpira wa mkojo nitasema tu kwamba aliyeniwekea alikuwa kijana niliyesoma naye darasa la saba, na kwamba nilimshinda hesabu.

Baba alisema lori likirudi atanipeleka kwa njia ya Garissa, kusiko na mlima, lakini lori lilikuwa na siku mbili njiani. Daktari alikumbuka kuwa uwanjani kulikuwa na ndege ndogo ya misheni iliyoleta dawa. Alikwenda mwenyewe na Landrova ya hospitali kumkamata rubani kabla hajaruka. Rubani alikuwa mzee mwenye kofia ya majani. Alipoambiwa kwamba asiende juu, alikubali kuufuata mto Tana chini chini hadi baharini, akasema pia kwamba itatutikisa. Daktari alisafiri nami na mtungi wa oksijeni, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuufungua. Hakuwa amepanda ndege maishani. Mama aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, akasoma dua yake, halafu akamwambia daktari kwamba nikisema niko sawa asiamini.

Ilitutikisa. Daktari alitapika kwenye mfuko wa karatasi mara tatu, mkono mmoja ukiushika mfuko na mwingine ukinibana kinyago cha oksijeni usoni, na kila alipomaliza aliniuliza kama nasikia vidole vya miguu. Mara ya tatu nilisikia kidole gumba cha kulia. Nilimwambia, akalia kidogo, au pengine ni kutapika.

Chemba ilikuwa kama tenki la lori la mafuta lenye madirisha madogo. Mwalimu aliingia nami, mlango ukafungwa, hewa ikaanza kuvuma na masikio kubanwa. Joto lilipanda, sauti zetu zikawa nyembamba kama za watoto. Hakuniambia kitu cha kunifundisha. Alinionyesha jinsi ya kukaa, akanipa maji, akahesabu vipindi vyangu vya oksijeni kwenye karatasi, akalala kidogo, akaamka. Kabla saa ya kwanza haijaisha maumivu ya bega yaliondoka, kama mtu aliyeinuka kitini akaenda zake. Miguu ilichelewa. Niliingizwa tena siku iliyofuata, na iliyofuata hiyo; hiyo ndiyo Jumamosi, na wakati dada yangu akiolewa Isiolo, mimi nilikuwa ndani ya tangi nikijaribu kusogeza unyayo mbele ya Mdigo aliyekuwa ananikodolea macho.

Nilitoka natembea na fimbo. Daktari wa bandarini alisema ningefika siku ile ile bega lilipoanza ningeingia kwa miguu yangu na kutoka kwa miguu yangu. Baada ya miezi mitatu niliiacha fimbo. Sehemu moja ya paja la kushoto, kama upana wa sahani, haikurudi. Naweza kuiwekea chai ya moto nisijue.

Dada yangu alinisamehe kwa barua, mistari miwili, wa pili ukiuliza zawadi. Isiolo waliamua kwamba ni samaki. Nilieleza habari za viputo kila nilipokwenda nyumbani, nikatoa mfano wa soda, watu wakaitikia kwa heshima, na nikishapita nikawasikia wakipimiana ukubwa wa mdomo wake.

Sikuzamia tena. Nilirudi stoo, na mwalimu, bila kuniuliza, akanipa kazi nyingine juu yake: kila asubuhi nisimame mbele ya wanafunzi wapya niseme yale maneno ambayo yeye alichoka kuyasema. Nilijaribu kuyasema kwa sauti yake na hawakusikiliza. Nikaanza kuwaeleza mkokoteni, soko, na mpira wa mkojo. Walicheka sana, na nilidhani wamecheka tu.

Mwaka ule ule, siku ya mvua, mgeni mmoja mwanamke, mwalimu wa shule huko kwao Ulaya, alikuja stoo kuniuliza kama nina kamba ya kufungia sanduku. Ndege yake ilikuwa jioni. Alizamia asubuhi, jambo ambalo hakupaswa kulifanya. Nilipompa kamba aliipokea kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia aliuacha ukining'inia, akiubana kwa kiwiko ubavuni. Nikamuuliza kama bega linamuuma. Akasema hapana, amelilalia vibaya tu. Alisema hivyo akitabasamu, na aliona aibu, na akatazama pembeni, kwenye rafu ya sabuni.

Nikafunga stoo. Nikamshikia mkoba wake nikamwambia twende kwa mwalimu, akasema si lazima, nikamwambia najua si lazima, twende tu. Tulitembea kwenye mvua, yeye akininong'oneza kwamba watu watamcheka. Nilimwambia ndiyo, watamcheka, majuma mawili hivi.